Radhi na Wino

Mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858 wa Miladi, Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Mumewe, Bwana Mataka, kiongozi wa Siyu aliyepambana na utawala wa Sayyid Said, alikuwa amekwisha kufariki. Naye mama alikuwa mgonjwa. Akamwita binti aje aketi na wino na karatasi, akampa maneno yake kama hirizi ya kujifunga na kama kidani cha lulu na marijani.

Wengi huusoma utendi huo kama mafunzo ya mke kwa mume tu, na wasomi wa siku hizi wameulaumu kwa utiifu unaoudai. Lawama hiyo ina msingi. Lakini nguzo ya wasia ni radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Radhi haiji kwa kuzaliwa wala kwa kuolewa. Huombwa, hutafutwa, tena hulindwa kila siku kwa vitendo vidogo: kumuaga atokaye, kumlaki arudiye, kutomwamsha aliyelala, kuwa na ulimi wa adabu mbele za watu. Mwana Kupona hakuuachia moyo peke yake kazi ya kupenda. Aliipa kazi hiyo utaratibu.

Utaratibu huo ulikuwa na mpaka wake. Utendi unamwonya binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Waungwana waliohesabu radhi kwa uangalifu namna hiyo waliishi nyumba moja na watu ambao radhi yao haikuhesabiwa. Ausifuye wasia huu bila kulisema hilo huwa ameusoma nusu.

Mwana Kupona alifariki yapata mwaka 1860. Sauti yake haikuzikwa naye, kwani nakala zilipita mkono kwa mkono, hata Alice Werner na William Hichens wakauchapisha utendi wenyewe kuwa kitabu mwaka 1934.

Desturi hiyo ya kuukabidhi uhusiano kwa wino haikukoma Siyu wala Lamu. Huko Tanga, Shaaban Robert (1909–1962), aliyekuwa karani wa serikali, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Kwa nduguye, Yusuf Ulenge, aliandika barua tangu 1931 hadi 1958. Ni miaka 27 ya kuandika, na ya upande wa pili kupokea na kuhifadhi. Barua hizo zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na TUKI mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliyeziandika alifanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ilifanywa na aliyezitunza.

Leo salamu hufika kwa simu kabla mtumaji hajaketi, na hilo ni jema kwa watu wa visiwani ambao jamaa zao wametawanyika Maskati, London na Toronto. Ila simu ikiharibika, salamu nyingi hupotea nayo. Mwana Hashima aliachiwa maneno ambayo angeweza kuyasoma tena mama alipokuwa kaburini. Watoto wa leo nao watahitaji ya kwao, na wa kuwaandikia ni wazazi walio hai sasa.