Ndai Yako Inaongea, Jua Nani Anaiskiza

Umepaki Diani Beach Road, unabonyeza rimoti huku ushaanza kutembea kwenda bichi. Vuta handeli kwanza, buda. Mwizi akiwa hapo karibu na kifaa cha kuvuruga mawimbi, amri ya kufunga haifiki kwa ndai, na wewe ushajiendea.

Sasa hizi mtumba za Japani za kuwasha kwa batani ndio noma zaidi. Wezi huja wawili: mmoja karibu na ufunguo wako, mwingine karibu na ndai. Vifaa vyao vinarefusha mawimbi mpaka gari linadhani uko hapo mlangoni. Hakuna kioo kimevunjwa. Usiku weka ufunguo kwa mkebe wa chuma wenye kifuniko (jaribu kwanza: usimame nao mlangoni, gari lisifunguke).

Halafu kuna traka. Ina laini ya simu ndani, inaripoti ukitoka Ukunda hadi Msambweni. Umenunua ndai ya mtu? Mwenye paswadi ya zamani bado anakucheki. Itisha ibadilishwe siku hiyo hiyo. Na kampuni ikikuzungusha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza wameweka nini kukuhusu.