Hiyo Dramu ya Babu Haina Jina, Lakini Usiiuze kwa Kilo

Wana wa Likoni, Kisauni na Changamwe, hebu tuongee. Kuna neno moja nalisikia kila mtu akitaka kununua kitu cha zamani kwa bei ya bure: "Hii haina jina." Ati kama hakuna jina la kampuni, basi hakuna thamani. Mimi nasema hiyo ni hesabu mbovu, na leo nitaipinga kwa kutumia snea.

Snea ni ile dramu ndogo yenye nyaya chini yake, inayolia kama mchanga unaotikiswa kwenye bati. Umeisikia kwenye tarumbeta za harusi, ile sauti inayokutoa nyumbani hata kama hukualikwa. Wengi tunadhani ni kitu cha juzi. Kumbe hapa kwetu ina zaidi ya miaka mia moja.

Turudi nyuma kidogo. Zanzibar, Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi yake ya wanamuziki wa Kigoa. Miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa walichukua muziki wa bendi za Kizungu wakaugeuza kuwa wao: sare, vyeo vya kijeshi, gwaride, dramu na tarumbeta. Mchezo huo ukaitwa beni. Mombasa kulikuwa na vyama kama Kingi na Scotchi, vinashindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu za kufilisiana. Jina Scotchi lenyewe linakwambia walikuwa wakiwatazama Waskoti.

Wengine waliwacheka, ati wanaiga Wazungu. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975, na hoja yake ni kwamba hawa hawakuwa kasuku. Walikuwa wanajipanga, wanasaidiana, wanashindania heshima ya mtaa. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokuja, askari na wapagazi wakaibeba beni hadi bara. Tanganyika ikapata Marini na Arinoti. Kusini zaidi, Malawi, wasiokuwa na tarumbeta za shaba wakatengeneza za vibuyu. Ila ngoma ya gwaride ilibaki.

Sasa fikiria dramu hizo zilipitia mikono mingapi. Jeshini, shuleni, kanisani, kwenye hoteli za pwani, kisha harusini. Kila mkono unabadilisha kitu: ngozi, skrubu, rangi. Kibandiko cha jina ndicho hung'oka mapema. Kwa hivyo dramu kukosa jina mara nyingi ni dalili kwamba imefanya kazi sana.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina cheti cha makumbusho. Lakini nimekaa na wapigaji na mafundi, na kuna mambo unaweza kukagua mwenyewe ukiwa na sumaku na futi ya kupimia.

Kwanza, sumaku. Iweke kwenye mwili wa dramu. Ikishika, hicho ni chuma. Isiposhika na mwili ni wa madini, mara nyingi ni shaba ya manjano au aluminiamu. Shaba ni nzito, na mng'ao wa juu ukichakaa utaona umanjano.

Pili, tafuta tundu dogo la kupumulia ubavuni. Kampuni nyingi ziliweka nembo kuzunguka tundu hilo. Nembo ikitoka, huacha kivuli: duara au pembe ambapo rangi haikupauka. Umbo la kivuli hicho ni nusu ya jina.

Tatu, ngozi. Ngozi za plastiki zilianza kuuzwa sana kuanzia 1957. Kabla ya hapo ilikuwa ndama au mbuzi. Lakini ngozi hubadilishwa, kwa hivyo plastiki peke yake haithibitishi kuwa dramu ni mpya. Jaribu kuweka ngozi ya dukani ya inchi 14. Dramu nyingi za Kiingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zimezidi kipimo kidogo tu, ngozi ya leo inakataa kuingia.

Nne, skrubu. Mpelekee fundi wa baiskeli moja. Atakwambia kwa dakika mbili kama nyuzi zake ni za inchi au za milimita. Za inchi zinaweza kukuelekeza Uingereza au Marekani, za milimita zinaweza kukuelekeza kwingine, lakini skrubu peke yake haithibitishi.

Tano, alama za jeshi. Ukiona mshale uliochapwa kama mguu wa kuku, hiyo ilikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiwa na mwaka kando yake, basi umepata cheti cha kuzaliwa.

Nilifanya hivyo na snea ya mzee mmoja wa Likoni ambayo mnunuzi wa vyuma chakavu aliipimia kwa kilo. Sumaku haikushika. Chini ya mng'ao kulikuwa na umanjano. Kwenye tundu kulikuwa na kivuli cha duara. Nyuzi za skrubu ni za inchi, na ngozi mpya ilikataa kabisa. Yaani shaba, huenda kazi ya Kiingereza, na huenda umri wa zaidi ya miaka hamsini. Bado haina jina, lakini si tena "haina jina" ya yule mnunuzi.

Msinielewe vibaya, si kila dramu ya zamani ni dhahabu. Miaka ya 1960 viwanda vya Japani vilitoa dramu nyingi za bei nafuu zilizouzwa nje kwa majina ya maduka, au bila jina kabisa. Ukiipata hiyo, ipige, ifurahie, lakini usiote gari. Bei hufuata mambo manne: mwili ni wa nini, sehemu ngapi ni za asili, imetoboka matundu mangapi ya ziada, na kama hadithi yake inaweza kuthibitishwa. Na tafadhali, usiisugue wala kuipaka rangi. Ukisugua, unafuta ushahidi.

Hapo kwenye hadithi ndipo pana jambo lenyewe. Tazameni Kisauni. Kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa miaka ya 1870, ilitumika kuwaonya watu wakati wa hatari. Leo mtaa mzima unaitwa Kengeleni. Kengele ile ni chuma tu, kwa kilo haina maajabu. Imebaki kwa sababu watu walikumbuka ililia kwa ajili ya nani.

Dramu zetu hazina bahati hiyo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inahesabu kitu cha kale kuwa kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Mwaka huohuo ndio Mwingereza alitangaza himaya yake hapa. Beni ilikuwa ndiyo kwanza inachipuka. Kwa hivyo karibu kila dramu iliyopigwa na babu zetu mitaani iko nje ya mstari huo. Mlinzi wake ni wewe na simu yako.

Basi fanya hivi. Piga picha ndani na nje, pamoja na kila tundu. Mkalishe mzee, mpe chai, mrekodi: ilitoka wapi, nani aliipiga, harusi ya nani, mwaka gani. Andika majina ya wapigaji hata kama la kampuni hulijui. Ukishamaliza, kama shida imebana na lazima uuze, uza. Sina haki ya kumwambia mwenye njaa akumbatie dramu. Lakini utauza ukijua unauza nini, na jina la babu litabaki kwenu.

Kama kwenu kuna snea imewekwa juu ya kabati au inafugia kuku, nitumie picha ya lile tundu. Tutaisoma pamoja.