Apolo na jembe lake

Ndugu msomaji, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Najua wengi mnaopita hapa mnapenda habari za bunge na za mahakamani, lakini kuna mtu mmoja ananisumbua kichwani kwa muda sasa, na mtu mwenyewe alikufa mwaka 1933. Anaitwa Apolo Kivebulaya. Kama hujawahi kulisikia jina hilo usijisikie vibaya. Mimi nimesoma Historia kuanzia sekondari hadi chuo kikuu na sikukutana naye darasani hata mara moja.

Darasani tulikutana na wengine. Tulikariri kwamba mawakala wa ukoloni walikuwa watatu: wapelelezi, wafanyabiashara na wamisionari. Chini ya wamisionari unaandika Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Rebmann, aliyeuona mlima Kilimanjaro mwaka 1848, na Livingstone usimsahau, maana mwalimu anampenda kwenye mtihani. Sina ugomvi na somo lile, lina ukweli wake mwingi. Ninachouliza ni hiki: bibi yangu na bibi yako walibatizwa na nani? Sehemu kubwa ya bara hili watu hawakuipokea dini hii kutoka kwa Mzungu. Waliipokea kutoka kwa Mwafrika mwenzao aliyefika kijijini kwa miguu, na kitabu kimoja na nguo moja, na mara nyingi kwa njaa. Huyo hana mstari wake kwenye daftari.

Apolo ni mmoja wao. Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864, akapewa jina la Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume aliyetangulia kutoka. Ujana wake uliangukia wakati mbaya kuliko nyakati zote za ufalme ule. Wamisionari wa Kiingereza walifika mwaka 1877, Wakatoliki wa Kifaransa wakafuata, Waislamu walikuwapo tayari, na Kabaka Mutesa alikuwa akicheza na wote. Mwanawe Mwanga akaja na moto: vijana wa ikulu wakachomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kisha kuanzia mwaka 1888 makundi ya dini yakaanza kufukuzana kwa bunduki, na Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wakapigana wao kwa wao pale Mengo. Katikati ya vurugu hizo kijana Waswa alipita karibu kila mahali. Alifundishwa Uislamu, alivuta bangi, alishika silaha, na mwaka 1891 alikuwa katika msafara wa Kapteni Lugard ulioelekea magharibi na kumrudisha Kasagama kwenye kiti cha Toro. Nawaambia haya kwa sababu wahubiri wanapenda kutuletea watakatifu waliozaliwa wakiwa wamenyooka. Huyu hakuzaliwa hivyo.

Alibatizwa mwaka 1895 akaitwa Apolo. Jina la Kivebulaya lilitokana na koti. Alikuwa na koti jekundu la kijeshi alilolivaa juu ya kanzu, watu wakamwita kitu kilichotoka Ulaya. (Bulaya kwa Kiganda, Ulaya kwetu. Msamiati wa mitumba ulianza zamani!)

Sasa tufike kwenye jembe.

Mwaka huohuo wa 1895 alipelekwa Toro kuwa mwalimu wa dini. Ng'ambo ya milima ya Rwenzori, ukishavuka bonde la mto Semliki, kulikuwa na nchi ndogo ya Mboga, leo wanaita Boga, chini ya chifu Tabaro. Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wametangulia kule, wakashindwa wakarudi. Sababu kubwa haikuwa mapepo wala simba. Ilikuwa chakula. Chifu hakutaka kuwalisha, na wao hawakuwa tayari kulima. Hapo usiwacheke haraka. Kwa Waganda wa wakati ule shamba la migomba lilikuwa kazi ya mwanamke. Mwanamume alijenga, alikwenda vitani, alisimama mbele ya chifu wake. Mwanamume mzima kushika jembe na kuinama mbele ya watu, tena mwalimu mwenye kitabu, ilikuwa aibu.

Apolo akaja mwaka 1896 na jembe. Akalima, akapanda, akala alichopanda. Chifu aliyetegemea njaa imfukuze mgeni akakuta silaha yake haina risasi.

Mimi hapa ndipo nilipokaa sana. Tumezoea kutafuta mafundisho ya dini kwenye miujiza, kwenye ndoto, kwenye mtu aliyepona baada ya kuombewa. Kumbe jambo lililofungua Kongo ya mashariki kwa kanisa la Kianglikana lilikuwa kifaa ambacho kiko nyuma ya mlango wa kila nyumba kijijini kwetu. Nikafungua Matendo ya Mitume sura ya 18, maana ndiko jina la Apolo lilikotoka. Yule Apolo wa kwanza anatokea mwishoni mwa sura, msemaji hodari. Lakini anza mwanzoni mwa sura hiyohiyo: nani yupo? Paulo, anashona mahema na Akila na Priskila ili apate kula. Sijui kama Waswa alipochagua jina alikuwa ameisoma sura yote, lakini maisha yake yaliibeba sura nzima, msemaji na fundi pamoja.

Jembe halikumaliza taabu lakini. Liliongeza. Chifu Tabaro alipoona mtu haondoki na watu wanaanza kujifunza kusoma, akatumia fimbo. Apolo alipigwa vibaya. Kisha mwaka 1898 ikatokea ajali: ndugu wa kike wa chifu akachomwa na mkuki, akafa. Lawama zote akatupiwa mwalimu. Akakamatwa kama mwuaji, akafungwa, akapelekwa kwa maofisa wa Kiingereza upande wa Toro, akaonja gereza kwa kosa ambalo halikuwapo. Hatimaye aliachiwa. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba katika dhiki za miaka ile alimwona Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo. Mwandishi wa habari hawezi kuthibitisha maono, wala sitajaribu. Ninachoweza kukuambia ni alichofanya alipotoka: alirudi Mboga. Kwa chifu yuleyule. Na yule chifu baadaye akabatizwa akaitwa Paulo.

Nimekaa mahakamani vya kutosha kujua mtu aliyesingiziwa anatokaje. Anatoka na hasira, na ana haki ya kuwa nayo. Wengi hawarudi hata mtaani walikokamatwa. Ndiyo maana kurudi kule kunanishangaza kuliko maono.

Hapa niseme jambo ambalo pengine litawaudhi baadhi yenu. Ukipanda basi la mikoani asubuhi, kabla halijafika mbali, atasimama mhubiri. Wengine ni wazuri, nawapenda. Lakini mahubiri mengi yana umbo moja: nilikuwa sina kodi ya nyumba, nilikuwa sina kazi, nikamwamini Mungu, sasa nina gari. Shida kwenye mahubiri hayo ni ngazi tu ya kupandia. Ukishafika juu unaipiga teke. Mimi ni mwandishi ninayelipwa kwa habari iliyochapishwa, mwenye nyumba wangu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kuna wiki ambazo dagaa na ugali vinafahamiana sana na mimi. Nikiyasikiliza mahubiri yale nashuka kwenye basi nikijiuliza imani yangu ina kasoro gani. Apolo hakupata gari. Hakuoa, jambo ambalo kwa watu wake lilikuwa umaskini wa kutosha peke yake, ingawa nyumba yake ilijaa watoto aliowalea. Alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, akapewa heshima ya kuwa kanoni wa Namirembe, na bado alikuwa akitembea kwa miguu msituni akiwa mzee. Kama shida zilikuwa ngazi, basi aliishi ngazini.

Lakini tusimfanye malaika. Habari zake nyingi zilianza kuandikwa na mmisionari A. B. Lloyd, aliyetoa kitabu juu yake mwaka 1923 kwa wasomaji wa Uingereza, na vitabu vya aina ile vilikuwa na kazi ya kuchangisha fedha. Ukisoma unatakiwa uwe macho: Waafrika wengine wote wanachorwa weusi zaidi ili shujaa aonekane mweupe. Bahati nzuri Apolo aliacha shajara zake mwenyewe kwa Kiganda. Halafu kuna suala la Waganda wenyewe. Walimu wale walipokwenda Toro na Mboga hawakubeba Injili peke yake, walibeba na Kiganda, na kanzu, na dhana kwamba Buganda ndiyo yenye ustaarabu. Nyuma yao kulikuwa na maofisa wa Kiingereza na bunduki zao. Kumbuka Apolo mwenyewe aliiona Toro kwa mara ya kwanza akiwa kwenye msafara wa Lugard. Tabaro alipomtazama yule mgeni mwenye koti jekundu la askari, alikuwa na sababu za kuogopa. Ningekuwa mimi ndiye chifu, ningeogopa pia. Mwalimu wangu wa sekondari hakukosea kabisa.

Tofauti ni kwamba wakoloni wenyewe walikuja kumgawanyia Apolo nchi yake ya kazi. Waingereza na Wabelgiji walikubaliana mpaka mwaka 1910, na Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Kanisa lake likawa upande mmoja, askofu wake upande mwingine. Mtu mwenye kutaka vyeo angebaki Toro, karibu na Mwingereza. Yeye akarudi kuishi Boga, kisha katika miaka ya 1920, tayari amekaribia sitini, akaingia msitu wa Ituri kuwafuata Wambuti, watu ambao majirani zao wote waliwadharau. Alijifunza maneno yao na kushughulikia tafsiri ya Injili ya Marko kwa ajili yao. Unaona mtiririko? Muganda aliyeinama kushika kazi ya kike, kijijini ambako hakutakiwa, sasa anakwenda kukaa na watu ambao hata wale waliokuwa hawamtaki waliwaona si kitu. Kila mara anashuka hatua moja zaidi.

Alipougua mwaka 1933 aling'ang'ania kufia Boga. Akafa tarehe 30 Mei. Desturi ilikuwa maiti izikwe kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kule kazi haijaisha.

Na kazi iliendelea. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Waanglikana wa Zaire wakapata jimbo lao. Cha kufurahisha kwetu ni kwamba lililobeba kanisa lile kutoka kwenye vilima vya Boga kwenda Bunia, Kisangani na kwingineko halikuwa Kiganda. Ilikuwa lugha hii ninayokuandikia. Vijana waliokwenda mijini walitaka kuimba kwa Kiswahili, wazee wa Boga wakanung'unika, vijana wakashinda.

Sasa nimalizie na lile lililonifanya nianze kuandika. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021 wanamgambo walishambulia Boga na Tchabi, na kambi za watu waliokuwa wamekimbia vita. Zaidi ya watu 50 waliuawa. Wakati ule nilikuwa bado mwanafunzi wa chuo. Niliisoma habari ile kwenye simu, aya nne tu, ikinukuu mashirika ya kimataifa, na jina la Boga lilinipita kama jina lolote la Kongo linavyotupita. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa nasoma habari za Apolo, nikaziweka tarehe mbili pamoja: tarehe 30 Mei, siku ambayo kanisa humkumbuka, na usiku uliofuata.

Nimejaribu kuandika habari hii gazetini. Mhariri wangu aliniuliza, kwa upole kabisa, habari mpya iko wapi hapo. Ni swali halali kwa mhariri. Kwa hiyo nimeileta hapa. Kama kuna msomaji ambaye mzee wake aliwahi kuishi Boga, Bunia au Fort Portal na anakumbuka simulizi zozote za hao walimu wa miguu, si Apolo tu, hata wale wawili waliorudi kwa njaa, naomba aniandikie. Hao wawili hasa ndio nawatafuta. Nataka kujua walipofika kwao waliwaambia nini wake zao.