Kabureta za Kubadilisha kwenye Pikapu za Marekani
Biashara ya kabureta za kubadilisha ilikua na mashindano ya magari ya California, ambako Vic Edelbrock alitengeneza manifoldi yake ya kwanza ya kuwekea kabureta kwa injini ya Ford V8 mwaka 1938. Mwaka 1957 zilitokea Carter AFB na Holley 4150, zote za midomo minne. Miundo yake ingali sokoni.

Pikapu nyingi za Chevrolet za miaka ya 1970 zilitoka kiwandani na Quadrajet: midomo miwili midogo mbele, miwili mikubwa nyuma. Kabureta ya midomo inayokaribiana kwa ukubwa ilihitaji bamba la kuunganishia ili ikae juu ya manifoldi ya Quadrajet.

Ustadi wa fundi, hata hivyo, ulipimwa kwenye viungo vya mkono wa mafuta. Pedali ikikanyagwa hadi mwisho, vali za hewa inazoziendesha zifunguke kabisa. Ikiachiwa, springi izirudishe bila kukwama. Gia otomatiki ya 700R4, iliyoanza mwaka 1982, iliongeza sharti zito kuliko yote. Waya unaotoka kwenye kabureta ndio unaoongoza shinikizo la oili ndani ya gia, na pembe ya mkono isipolingana, sahani za klachi huteleza na kuungua upesi. Kwa hiyo viwanda vilitengeneza vibao maalumu vya kurekebisha pembe hiyo.