Mwales aliyeitafuta mvua ya kanda ya kati

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mabaluni yaliyojazwa gesi ya haidrojeni yalirushwa angani Kongwa wakati wa masika. Kila baluni lilining'iniza kifurushi cha baruti iliyochanganywa na chumvi iliyosagwa laini. Likifika kwenye wingu, baruti inalipuka na chumvi inatawanyika. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wanasayansi wa Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, na mkurugenzi wao aliitwa David Arthur Davies. Walitaka kuona kama binadamu anaweza kuilazimisha mvua ishuke katika nchi ambayo haina uhakika nayo.

Kongwa iko Dodoma, lakini habari hii ni ya Singida vilevile. Kuanzia Manyoni na Ikungi mpaka Iramba na Mkalama, mvua ni ile ile ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili, kisha kiangazi hushika nchi zaidi ya nusu mwaka. Vitabu vitakwambia kwamba wastani wake ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka. Aliyewahi kupanda mtama au uwele huku anajua kwamba huo wastani haumlishi mtu. Mwaka mmoja maji hujaa mpaka maziwa ya Singidani na Kindai yakapanda kingo zao. Mwaka wa pili mvua hunyesha vizuri Desemba, ikakata Januari yote, na mbegu ikaungua ardhini. Wagogo, wakiwemo wale wa Manyoni, bado wanaikumbuka njaa ya Mtunya iliyowaua watu wengi mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, ukame ulipokuja juu ya unyang'anyi wa chakula, mifugo na wapagazi uliofanywa na majeshi ya Wajerumani na Waingereza.

Davies hakuwa wa kwanza kuipima mvua hii kwa ajili ya wakoloni. Idara aliyoikuta ilianzishwa mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi, chini ya Albert Walter, Mwingereza aliyekuwa ameongoza kituo cha uchunguzi wa anga cha Mauritius kwa miaka mingi. Walter alikuwa bingwa wa takwimu. Mwaka 1910 alichapisha kitabu kizima kuhusu uhusiano wa hali ya hewa na mavuno ya miwa kisiwani Mauritius, na ndani yake akapendekeza bima ya kuwalinda wakulima dhidi ya hasara za vimbunga. Hata hivyo idara yake ilipoanza, shabaha ya kwanza ilikuwa ndege. Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilifungua safari za kwenda Cape Town, na ndege zake zikawa zinatua Moshi, Dodoma na Mbeya. Rubani alihitaji kujua mawingu yamekaaje mbele yake, na utabiri ukajengwa kumzunguka yeye. Mkulima wa Ilongero au Kiomboi, huku Singida, alibaki akiangalia anga mwenyewe.

Pamoja na hayo, vipimamvua vilisambaa polepole: kwenye maboma, misheni, stesheni za reli na mashamba. Kila siku saa tatu asubuhi mtu alitoka, akamimina maji ya jana kwenye chupa ya kupimia, akaandika tarakimu. Mara nyingi huyo aliyeandika alikuwa karani au mwalimu Mwafrika. Ripoti zilichapishwa kwa jina la mkurugenzi, na makarani hao hawatajwi. Mimi nawahesabu kuwa wanasayansi wa hali ya hewa sawa na mabwana wao wa Nairobi, kwa sababu bila daftari zao wakubwa hao hawakuwa na kitu cha kuchambua.

Thamani ya daftari hizo ilionekana kwa uchungu baada ya Vita ya Pili. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa tu, kisha ukapendekeza kilimo kikubwa cha karanga, ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Kumbukumbu za mvua za Kongwa zilikuwa chache mno kuweza kubeba uamuzi mzito kama ule. Matrekta yaliyonunuliwa yalikuwa yametoka vitani, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, na mvua ikafanya ilivyozoea kufanya. Wakajaribu alizeti, nayo ikapigwa na ukame. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mradi, pauni zipatazo milioni 36 zikiwa zimeteketea. Alizeti hiyo hiyo leo ni zao linaloitambulisha Singida nchini, ila wanaoilima ni wakulima wadogo wanaojua wakati wa kusubiri na wakati wa kupanda.

Davies aliwasili Nairobi kuiongoza idara mwaka 1949, wakati karanga zikiwa zinashindwa. Alizaliwa mwaka 1913 Barry, mji wa bandari ya makaa ya mawe kusini mwa Wales, akasoma hisabati na fizikia, na kazi yake ikawa hali ya hewa. Alikuja katika kipindi ambacho wanasayansi duniani walikuwa na matumaini makubwa. Novemba 1946, Mmarekani Vincent Schaefer alikuwa amemwaga barafu kavu kutoka kwenye ndege juu ya wingu, na wingu likatoa theluji. Serikali nyingi zikaanza kuuliza kama mvua nayo inaweza kutengenezwa.

Mbinu ya Schaefer ilitegemea mawingu baridi, yenye matone ambayo yamepita kiwango cha kuganda bila kuganda. Mawingu mengi ya kwetu ni ya joto. Matone yake hukua kwa kugongana na kuungana. Chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo punje zake zikisambazwa ndani ya wingu zinaweza kuanzisha matone makubwa yatakayoyameza madogo mpaka yaanguke. Mabaluni ya Kongwa yalibuniwa kwa hoja hiyo, nayo yalikuwa na gharama ndogo kuliko ndege.

Wakati huohuo, kaskazini mwa Singida, mvua ilikuwa na wenyewe. Kijijini Kirumi, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Mkalama, watemi wa Wanyisanzu wa ukoo wa Anyampanda walikuwa waleta mvua kwa vizazi vingi. Masimulizi yao yanasema asili yao ni kisiwa cha Ukerewe. Utemi ulishikwa na mwanamume na mwanamke, kwa kuwa kwao mvua haiji mpaka pande za kiume na za kike zikutane, na majirani walisafiri kwenda huko kuiomba. Mwanaanthropolojia Todd Sanders aliishi nao miaka ya 1990 na mwaka 2008 akachapisha kitabu juu ya imani na kazi hiyo, ambayo ilikuwa bado hai. Waingereza waliwatambua watemi hao chini ya utawala wao wa kupitia machifu. Serikali ile ile ya kikoloni, basi, ilikuwa na mleta mvua Mkalama na wataalamu wa mabaluni Kongwa, wote wakishughulikia anga moja. Sioni sababu ya kumcheka yeyote kati yao. Wote walisukumwa na hofu ya kweli ya njaa.

Kilichomtofautisha Davies ni jinsi alivyolazimika kujihoji. Baluni likipanda na mvua ikanyesha, utajuaje kwamba isingenyesha hata hivyo? Mawingu ya alasiri ya masika yenyewe hukua na kumwaga maji. Ilibidi kulinganisha mvua iliyoangukia upande ulikoelekea upepo na ile ya pande nyingine, siku za mabaluni na siku zisizo na mabaluni. Hapo ndipo anga ya kanda ya kati ilipowashinda. Mvua yake hubadilika sana kutoka kijiji hadi kijiji na mwaka hadi mwaka, kiasi kwamba misimu michache haitoshi kuthibitisha lolote. Davies na wenzake walichapisha waliyoyaona, zikiwemo dalili za kutia moyo, lakini uthibitisho thabiti haukupatikana. Kigeugeu kilichoangusha karanga ndicho kilichowazuia wanasayansi kupata jibu.

Mwaka 1955 Davies alichaguliwa Katibu Mkuu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, makao yake Geneva, akakaa kwenye kiti hicho mpaka 1979. Kazi kubwa ya maisha yake ilifanyika huko. Satelaiti ya kwanza ya hali ya hewa, TIROS-1, ilirushwa mwaka 1960, na kufikia 1963 shirika lake lilikuwa limeanzisha mpango wa dunia nzima wa kubadilishana taarifa za anga. Nchi zilizokuwa maadui katika Vita Baridi ziliendelea kupeana vipimo vya upepo, joto na mvua kila siku. Februari 1979, mwaka wake wa mwisho kazini, shirika liliitisha Mkutano wa kwanza wa Tabianchi Duniani. Mwaka 1985 alipewa tuzo ya juu kabisa ya fani yake. Naamini safari hiyo ilikuwa na mzizi wake huku kwetu. Mtu aliyewahi kupambana na mvua ya Kongwa akiwa na vipimo vichache anaelewa vizuri kwa nini dunia inahitaji vipimo vingi, vya muda mrefu, vinavyosomwa na kila mtu.

Idara aliyoiacha ilihudumu chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mpaka jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka 1977. Tanzania ikaanzisha yake mwaka uliofuata, na leo tunayo Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ambayo kila mwaka hutoa utabiri wa mvua za msimu kwa Singida na mikoa jirani. Mkulima wa Ilongero sasa anapata utabiri wake mwenyewe, kupitia redio na simu.

Utabiri huo unapata nguvu kutokana na kumbukumbu za nyuma. Kwa hiyo nina ombi kwa parokia, misheni, shule kongwe na ofisi za wilaya mkoani Singida: kama mna daftari za zamani za kipimamvua, zilizoandikwa kwa wino na kurundikwa stoo, msizichome wala kuziacha kwa mchwa. Zipelekeni TMA zinakiliwe, na jina la karani aliyeziandika, kama lipo, linakiliwe pamoja nazo.