Anasa Iliyoshushwa Vipande Vipande

Hapa Bondeni ukitaja meli, watu huwaza bahari. Mie nawaza mto. Manake zamani Reli ya Kenya na Uganda iliuza safari ya starehe iliyoanzia kisiwani petu mpaka Naili: treni kutoka Mombasa, meli ya gurudumu la nyuma kutoka Namasagali kukata Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, gari hadi Butiaba, halafu Robert Coryndon kwenye Ziwa Albert mpaka Pakwach. Hapo Lugard ilipokea abiria hadi Nimule. Mbele yake maji ni ya kasi, meli haipiti.

Wasafiri wametuachia shajara zilizojaa viboko na mamba. Kuli hayumo. Na hiyo Coryndon yenyewe ilijengwa na Thornycroft, Uingereza, 1929, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Butiaba 1930. Kabla yake William Mackinnon ilishushwa Mombasa vivyo hivyo, reli ikiwa bado haijafika ziwani. Baadhi ya vyuma vyake vilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi, na meli ikaingia majini Kisumu 1900. Anasa gani hiyo isiyoanza na shingo ya mtu?

Januari 1947 shingo zikakataa. Mombasa ikagoma siku kama 12: watu wa bandari, wa reli, wa mahoteli, hata wapishi na maboi wa majumbani. Siku hizo mwenye tiketi ya daraja la kwanza, sanduku lake angelibeba mwenyewe.