Mutoto ana homa na anakatala kukanyaga: usaha ndani ya maungio hauponi kwa kukandwa

Katika mitaa ya Kikula, katika muji wa Likasi, maneno haya mara nyingi huanza kwa namna moja. Mutoto anaamka na homa, hataki kukanyaga muguu mumoja. Anaulizwa, anajibu kwamba alianguka jana kwenye mupira. Basi anakandwa na maji ya moto, anapakwa mafuta, anapewa parasetamoli. Siku ya tatu goti limevimba, linang'aa, na ukiligusa kidogo tu mutoto analia kwa sauti.

Kuanguka kunaleta maumivu, hata uvimbe. Lakini kuanguka hakuleti homa kali. Mutoto mwenye homa pamoja na kiungo kimoja kinachouma, hata kama kweli alianguka, achukuliwe kwanza kama mutoto mwenye usaha ndani ya maungio, mupaka munganga ahakikishe kwamba sivyo.

Ugonjwa huo wanganga wanauita artriti septiki. Mikrobe inaingia ndani ya kiungo, mara nyingi kwa njia ya damu, kutoka kidonda, jipu, ao kitovu cha mutoto muchanga ambacho hakikutunzwa vizuri. Inayoonekana zaidi ni stafilokoki, ileile inayoleta majipu. Goti na nyonga ndizo zinazoshikwa sana, kisha kifundo cha muguu, kiwiko na bega.

Hatari yake inafahamika kirahisi ukikumbuka mwisho wa mufupa wa kuku: kuna kitu cheupe, laini, chenye kuteleza. Watoto pia wanacho, kinaitwa gegedu, na ndicho kinafanya kiungo kipinde bila kukwaruza. Usaha unakila kwa siku chache tu, na kikishaliwa hakirudi vizuri kama zamani. Kwenye nyonga ni mbaya zaidi, kwa sababu usaha unaojaa unabana mishipa midogo inayolisha kichwa cha mufupa wa paja. Kichwa hicho kinaweza kufa. Mutoto anapona homa, lakini anabaki na muguu mufupi na kuchechemea maisha yote.

Goti linajionyesha. Nyonga inajificha, iko ndani chini ya nyama, na uvimbe hauonekani. Tena mutoto wa miaka mine ao mitano mwenye usaha kwenye nyonga anaweza kuonyesha goti na kusema «hapa njo panauma». Goti likiwa zuri na mutoto bado anachechemea, aangaliwe nyonga. Mara nyingi analala akikunja paja na kulielekeza inje, na hakubali mutu alinyooshe.

Mutoto muchanga hasemi, na wengine hawapati hata homa. Alama yake ni muguu ao mukono mumoja usiochezacheza kama mwenzake, kulia kila anapobadilishwa nepi, na kukatala kunyonya. Kwa mutoto wa namna hiyo hakuna kungojea kesho.

Kuna mitego mitatu ambayo hata watu wa afya wanaingia. Wa kwanza ni malaria. Katika Haut-Katanga, kipimo cha malaria kinaweza kuonyesha «chanya» kwa mutoto ambaye shida yake kubwa ni nyingine. Atibiwe malaria, ndiyo, lakini malaria haivimbishi goti moja.

Wa pili ni SS, ugonjwa wa drepanositozi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2009, ambao ulipima watoto wachanga zaidi ya 31.000 huko Kinshasa, ulikuta 1,4 kwa 100 wana ugonjwa huo. Wazazi wao wamezoea maumivu ya mifupa, basi wanasema «ni mashambulio yake tu» na kungojea. Lakini mutoto wa SS anashikwa na mikrobe za mifupa na maungio kuliko wengine, hasa salmonela. Homa ikipanda na maumivu yakibaki mahali pamoja, aende hospitali siku hiyo, na muzazi aseme mulangoni kwamba mutoto ni SS, kwa maana dawa zake zitachaguliwa tofauti.

Wa tatu ni antibiotiki ya kununua kwenye farmasi ya mutaa. Shindano mbili ao tatu zinashusha homa, kila mutu anafurahi, na usaha unaendelea kimya kimya.

Kwenye hospitali, munganga anaomba damu ipimwe: chembe nyeupe, na vitesi ya sedimantasyo. Wanganga wa Boston, Marekani, walionyesha mwaka 1999 kwamba kwa nyonga alama ine zinasaidia sana: homa kupita 38,5, kukatala kukanyaga, vitesi kufika 40 ao zaidi, na chembe nyeupe kupita 12.000. Zote ine zikiwa pamoja, usaha ni karibu hakika. Ekografi inaonyesha maji ndani ya nyonga. Radiografi ya siku za kwanza isiwadanganye wazazi, maana mufupa unaweza kuonekana muzuri wakati kiungo kimejaa.

Dawa peke yake haitoshi. Usaha lazima utolewe. Kiungo kinatobolewa kwa shindano mahali safi, na maji yake yanapelekwa labo. Nyonga mara nyingi inahitaji mupasuaji aifungue na kuiosha. Antibiotiki, mara nyingi kloksasilini, inapita kwanza kwenye mushipa kwa siku kadhaa, kisha mutoto anaendelea na vidonge ao siro nyumbani. Kwa kawaida jumla ni kama juma tatu, na zaidi kama mufupa nao umeshikwa. Hapo ndipo wengi wanaharibu: mutoto anacheza, dawa inaachwa. Na kama homa haijashuka baada ya siku mbili ao tatu za matibabu, wazazi wana haki ya kuuliza kama usaha umebaki.

Kituo kisicho na mupasuaji kimupeleke mutoto mbele bila kungojea. Kutoka Likasi mupaka Lubumbashi, ambako kuna hospitali Jason Sendwe na Kliniki za chuo kikuu, ni karibu kilometa 120. Muguu ufungwe usitikisike, dozi ya kwanza ya antibiotiki itolewe kama safari itachelewa, na dawa zote alizopewa ziandikwe kwenye karatasi.

Si kila kiungo kinachouma kina usaha. Maumivu yanayoruka kutoka goti kwenda kiwiko, juma chache baada ya koo kuuma, yanaweza kuwa homa ya baridi yabisi, ambayo inaharibu moyo. Muguu uliolegea ghafula bila uvimbe unaweza kuwa polio, na RECO wa mutaa anapaswa kujulishwa saa hiyo hiyo. Zote mbili zinahitaji munganga, na hakuna hata moja inayohitaji kukandwa.

Baada ya usaha kutoka na maumivu kupungua, kiungo kichezeshwe kidogo kidogo kila siku, kisije kikagandamana. Mutoto aliyeugua nyonga arudi kuonekana hata mwaka mumoja baadaye, kwa maana tofauti ya urefu wa miguu inaonekana tu anapoendelea kukomaa.